Jengo Namba Kumi na Saba

Nilipewa fomu mia mbili, penseli tatu,
tepu ya mita thelathini, tarakimu za mwanzo zimefutika,
na Kondo, kijana wa kushika ncha ya pili.
Tuorodheshe, wakasema, kila nyumba ya zamani
kuanzia Kisutu hadi mpakani mwa Gerezani.

Fomu yenyewe haina maneno mengi.
Mwaka wa kujengwa. Mjenzi. Matumizi. Hali:
nzuri, wastani, mbaya; weka vema panapohusika.

Mwaka niliusoma kwenye paji la nyumba,
moja, tisa, tatu, moja,
ile tatu imemeguka, imebaki kama sikio.

Mjenzi: hajulikani.
Niliandika "hajulikani" hadi mkono ukazoea
kuliandika bila mimi.
Jina la mwenye nyumba limechongwa juu ya mlango,
na la baba yake, na la mji alikotoka ng'ambo;
la aliyekoroga chokaa halipo.

Ila ngazini, nyumba namba tisa,
chini ya rangi nne alizokwangua Kondo kwa ukucha,
kijani, krimu, bluu, kijani tena,
kuna kiganja kilichotua chokaa ikiwa mbichi.
Kidole cha pete kimeishia katikati.
Kondo akaweka chake juu yake. Kikazidi.
Nikaandika: Mjenzi, mtu wa vidole vinne na nusu.
Ofisini wakairudisha fomu na wino mwekundu.

Namba kumi na saba ilikuwa pembeni,
chini duka la beringi, juu Bi Gulbanu
na chai ya tangawizi isiyokataliwa.
Alituonyesha boriti, akazigonga kwa bakora:
"Sikilizeni, hazina mdudu."
Kisha mlango. Njumu za shaba,
na karibu na kufuli, makovu matatu ya shoka.
"Nilikuwa na miaka sita, nikajifungia ndani.
Baba akapiga mara tatu, akaacha.
Aliogopa pigo la nne lingenikuta.
Akakaa chini hapo nje, akanisimulia paka na panya
hadi nikaipata komeo mwenyewe."

Tukamwambia, Jumatatu tunarudi na kamera.

Jumatatu tulikuta mabati ya bluu,
na juu yake picha ya ghorofa kumi na nane,
watu waliochorwa wakitembea bila vivuli.
Kondo akachungulia penye tundu la msumari.
"Vipi?"
"Mchanga, dada. Na choo kimoja kimesimama."
Mlinzi akasema bibi yuko Upanga kwa mpwa wake,
kabeba saa ya ukutani na birika, basi.

Hali: nzuri, wastani, mbaya.
Nilikaa na fomu ile siku mbili.
Mwishowe nikaiweka mkobani,
orodha ikaruka kutoka kumi na sita kwenda kumi na nane
na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa nane shemeji yangu akapanda cheo,
akatualika Masaki kula kamba wa kukaanga.
Meza ndefu, kioo kizito juu.
Nilikuwa nafuta ndimu iliyomwagika
nikaona, chini ya kioo, kati ya sahani ya mifupa na soda,
njumu za shaba.
Nikasogeza sahani. Moja, mbili, tatu.

"Kuna tatizo, dada?" mhudumu akauliza.
"Hapana. Meza hii hufungukia upande gani?"
Akacheka, akaenda kuleta pilipili.

Tepu sikuwa nayo. Nikapima kwa shibiri,
watu wa mezani wakidhani nimelewa soda:
urefu, kumi na kidole.
Nyuma ya risiti nikaandika,
Namba kumi na saba. Sehemu: mlango. Matumizi:
nikakwama hapo, penseli hewani,
maana mtoto wa shemeji alikuwa amechoka na wakubwa,
akaanza kugonga kioo kwa uma,
ko, ko, ko,
akaacha,
na mimi nikainamisha sikio.